Takia la Hedifoni na Sauti Unayoilipia

Ami yangu alipiga tari katika maulidi hapa Lamu tangu ujana wake mpaka vidole vilipoanza kumuuma. Jioni moja baada ya Laasiri alinitembelea nyumbani Mkomani, nikamvika hedifoni ili asikilize kaseti ya zamani niliyokuwa nikiisafisha kwenye kompyuta. Ndiyo kazi yangu: watu huniletea kanda za taarabu, za maulidi na za harusi za wazee wao, nami huzihamisha kabla utepe haujaoza. Ami alisikiliza kama dakika moja, uso ukamkunjamana.

"Matari haya yamewambwa nini, mwanangu?"

"Ngozi ya mbuzi, ami. Ni nyinyi wenyewe hawa."

"Hayalii ngozi haya."

Alipoondoka nilirudi kwenye kompyuta nikatafuta kosa. Kwanza nilishuku utepe, kisha mashine ya kaseti, kisha mikono yangu mwenyewe. Usiku ndipo nilipokumbuka kwamba wiki mbili nyuma nilibadili matakia ya hedifoni. Yale ya kitambaa yaliyokuja nayo yalikuwa yamelala kabisa, nikaagiza mengine mtandaoni kwa bei nafuu, ya ngozi ya plastiki, manene na mororo. Yaliingia sawasawa, yakapendeza machoni, na tangu siku hiyo nikawa ninasafisha kanda za watu kwa masikio yasiyo yangu.

Ninaposema takia nina maana ya ile duara laini inayokaa baina ya kikombe cha hedifoni na kichwa chako. Wengine huliita mto wa sikio, ni sawa. Watu hulihesabu kuwa la starehe tu, kama takia la sebuleni: likichakaa badili, chagua rangi uipendayo. Watu wanaotafuta hedifoni za bei kubwa hulinganisha spika, sumaku, waya na nchi zinakotengenezwa, na takia huwa la mwisho kutajwa, likitajwa. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba huwezi kulinganisha hedifoni mbili mpaka ujue matakia yake yako katika hali gani, kwa sababu takia ni sehemu ya ala. Tari bila ngozi ni duara ya mti, na hedifoni bila takia ni spika ndogo inayonong'ona hewani. Ukitaka kuhakikisha, ing'oe hedifoni yako matakia, uishike spika karibu na sikio bila kuligusa. Besi yote itakuwa imetoweka.

Kwa nini itoweke? Sauti ya hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), yaani besi ya chini kabisa ya ngoma kubwa, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Ndani ya kikombe cha hedifoni wimbi kama hilo halina pa kukaa. Mna sentimita chache tu za hewa. Kwa hiyo besi ndani ya hedifoni haisafiri kama adhana inavyosafiri kutoka mnarani hadi barazani. Kiwambo cha spika, ule utando wake unaotetemeka, kikisukuma mbele, hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio hubanwa. Kikirudi nyuma, hulegea. Ni pampu. Na pampu ikiwa na upenyo, hata mdogo, unasukuma bure. Mwendo wa besi ni wa taratibu, hewa inapata muda wa kutoroka penye upenyo. Sauti za juu hubadilika haraka mno, hewa haiwahi kutoka. Ndiyo maana hedifoni iliyokaa vibaya kichwani hupoteza besi peke yake, na mtu huilaumu spika.

Hapa kwetu sababu za upenyo huo ni nyingi. Mkono wa miwani unapita chini ya takia. Ushungi uliokunjwa mara mbili juu ya sikio unazuia takia kugusa ngozi. Ukingo wa kofia ya vito, ambao umeshonwa ukawa mgumu, unaingia chini ya takia kwa upande wa juu na kuacha kijia cha hewa mbele ya sikio. Ami alikuwa amevaa kofia siku ile, nami sikuona vibaya; nani humwambia mzee avue kofia? Kumbe makosa yalikuwa mawili kwa pamoja, na moja lilificha jingine. Matakia mapya yalinenepesha besi, na kofia ikaivujisha.

Hedifoni za mgongo uliofungwa, ambazo vikombe vyake vimezibwa kwa nje, ndizo zinazoteseka zaidi kwa upenyo. Zile za mgongo wazi zenye matakia ya mahameli, kama Sennheiser HD 600, zimebuniwa huku ikijulikana kwamba kitambaa hupitisha hewa kiasi. Besi yake ya chini kabisa tayari imepungua, na upenyo mdogo zaidi hauishtui sana. Hedifoni za planari ni mlango mwingine. Katika hizo kiwambo ni utando bapa, mwembamba sana, uliochapwa njia za umeme juu yake na kuwekwa mbele ya sumaku au baina yake, kwa hiyo utando wote husukumwa mara moja badala ya kusukumwa na koili moja ya waya ya katikati. Audeze za California, katika familia yake ya LCD, hutumia matakia manene ya ngozi, na yakishika kichwa vizuri besi hushuka chini kabisa bila kupungua, jambo ambalo spika nyingi za kawaida za mgongo wazi haziliwezi. Lakini legeza takia kwa unene wa kidole upande mmoja, na ule ubora uliolipia unatoka hapo hapo. Nimewahi kusikia mtu akisema planari hazina besi. Alikuwa na nywele nene zilizosukwa pembeni.

Hiyo ni besi, na besi ndiyo sehemu rahisi. Ugumu unaanza juu. Sauti ya hezi 3,000 ina wimbi la sentimita 11 hivi, na ya hezi 8,000 ni sentimita 4 na kidogo. Vipimo hivyo vinakaribiana na upana na kina cha nafasi iliyo ndani ya takia. Sasa mawimbi yanaenea, yanagonga kuta, yanarudi, mengine yanaongezana na mengine yanafutana. Puliza mdomo wa chupa tupu: inavuma kwa sauti moja, ile inayolingana na nafasi yake. Tundu la sikio lako, lenye urefu wa karibu sentimita 2.5 na lililozibwa mwisho na ngoma ya sikio, hufanya hivyo hivyo karibu na hezi 3,000. Umezaliwa na mvumo huo na ubongo umeuzoea. Chumba kilichomo ndani ya takia kina mivumo yake pia, na hiyo ubongo hauijui. Badili kina cha takia kwa milimita chache, mivumo inahama. Sauti ya nai, ile filimbi ya taarabu, iliyokuwa tamu inaanza kutoboa, au herufi za "sa" na "sha" za mwimbaji zinakuwa kama zimetiwa mchanga.

Sennheiser HD 800, iliyotoka 2009, inaonyesha jambo hili vizuri. Spika yake ya duara ya milimita 56 imewekwa mbali na sikio na kwa mshazari, ndani ya vikombe vikubwa sana, na wasikilizaji wakaisifu kwa upana wa sauti yake: unahisi mpiga fidla yuko pale na mpiga dumbaki yuko kule. Lakini nafasi hiyo ilikuja na kilele kikali, yaani mahali sauti inaporuka juu ghafla, karibu na hezi 6,000, kilichowachosha wengi. HD 800 S iliyofuata iliongezewa kifyonza cha sauti kilichopimwa kwa ajili ya kilele hicho hicho. Suluhisho lilipatikana katika hewa na kuta zinazoizunguka spika.

Tofauti za matakia yenyewe nilizielewa kwa mikono, siyo kwa kusoma. Niliyachukua matakia yangu, ya zamani na mapya, nikaenda Langoni kwa fundi anayeshona makochi. Aliyakata yote mawili kwa wembe sakafuni, akayafunua kama mtu anayepasua samaki. La zamani lilikuwa na kitambaa cha mahameli na sponji nyepesi ya kijivu iliyobonyea ikabaki nusu ya unene wake. Jipya lilikuwa ngozi ya plastiki nje, ndani na juu, na ndani yake sponji nzito, ile inayobonyea polepole na kufuata umbo la kichwa. Fundi alikata kipande cha kila sponji, akakiweka mdomoni akapuliza. Katika ile ya kijivu pumzi ilipita mpaka nikaihisi kwenye kiganja nilichokinga. Katika ile nzito mashavu yalimvimba na hakuna kilichopita.

"Hili lapumua, hili halipumui," akasema, na kwangu somo lote likawa limekwisha.

Ukuta wa ndani wa takia, ule unaotazamana na sikio, ukiwa wa ngozi laini isiyo na vitobo, sauti za kati na za juu huugonga na kurudi ndani ya chumba. Ukiwa wa kitambaa, au wa ngozi iliyotobolewa, sauti hupenya mpaka kwenye sponji, na sponji inayopumua huzila. Vilele hupungua. Chumba nacho huwa kama kimepanuka, maana hewa iliyomo kwenye sponji imekuwa sehemu yake. Ukuta wa nje una kazi tofauti: ukiwa wa ngozi huzuia hewa na kuhifadhi besi, ukiwa wa kitambaa huipitisha. Kwa hiyo takia la ngozi tupu huelekea kuongeza besi na kuacha sauti za juu ziruke ruke, na la mahameli huelekea kulegeza besi na kutuliza mng'aro. Nasema huelekea, kwa sababu unene, upana wa tundu na ulaini wa sponji vinaweza kupindua hukumu hiyo. Unene peke yake unatosha: takia nene humweka msikilizaji mbali na spika, sauti ikapata upana na kupoteza uzito, jembamba humleta karibu, sauti ikajaa na kusogea usoni.

Watengenezaji wanaojua kazi yao hulichukulia takia kama fundi wa udi wa taarabu anavyouchukulia uso wa udi. Focal ya Ufaransa ilipoitoa Utopia mwaka 2016, kwa bei ya dola 4,000 hivi, kuba ya spika ilikuwa ya metali ya beriliamu, nayo ndiyo iliyoandikwa kila mahali. Matakia yake ya ngozi ya kondoo yenye vitobo hayakuandikwa kiasi hicho, ilhali vile vitobo ni sehemu ya sauti, havikuwekwa kwa urembo. ZMF ya Chicago, wanaochonga vikombe vya mbao, wamekwenda mbali zaidi: huuza aina kadhaa za matakia kwa hedifoni moja na kumwambia mnunuzi wazi kwamba kila moja italeta sauti yake. Nawaheshimu kwa ukweli huo. Kuna pia kampuni zinazotengeneza matakia peke yake, kama Dekoni ya Marekani, na miongoni mwao utakuta ya mchanganyiko, ngozi nje kwa ajili ya besi na mahameli panapogusa shavu. Ni mazuri mengi yao, lakini ukiyavalisha hedifoni umebadili hedifoni. Usimwambie mtu tena kwamba umeisikia HD 600. Umesikia kitu kingine kilichoanza kuwa HD 600.

Na hilo ndilo linalonikera ninapowasikia watu wakibishana juu ya HD 600 ya mwaka 1997 na HD 650 ya 2003. Ni ndugu wa karibu, zote za ukinzani wa umeme wa omu 300, umbo moja, na tofauti yao ya sauti ni ndogo: ya pili ina joto kidogo zaidi chini. Matakia ya hedifoni hizi yakilala kwa miaka ya kuvaliwa, spika husogea karibu na sikio na sauti hunenepa. Mtu akilinganisha HD 600 ya miaka kumi na HD 650 mpya, nusu ya anachokisikia ni umri wa sponji. Vivyo hivyo kwa wale wanaosema hedifoni mpya lazima ipigwe saa mia ndipo ifunguke. Naamini kinachofunguka kwa sehemu kubwa ni takia: limepata joto la kichwa, limelainika, limeziba pale lilipokuwa halijaziba. Na msikilizaji mwenyewe ameizoea.

Katika pwani yetu umri wa takia si mrefu. Ngozi ya plastiki ya polyurethani huvunjwavunjwa na unyevu pamoja na joto, na Lamu tunavyo vyote viwili, tena na chumvi ya bahari juu yake. Kwanza utaona vipande vidogo vyeusi shavuni kama masizi, kisha utando wote unabanduka. Mafuta ya nazi ya nywele na jasho huharakisha. Ngozi halisi haibanduki hivyo, ila msimu wa masika ukiiacha ndani ya mkoba uliofungwa utaikuta na ukungu. Mahameli ndiyo inayovumilia: kama takia linatoka, lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ulikamue kwa kulibonyeza bila kulisokota, ulianike kivulini. Yangu ya ngozi huyapangusa kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kazi, na sanduku la hedifoni nimelitia vile vipakiti vinavyonyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Ukitaka kujua kama takia lako limeziba, huhitaji mashine. Piga mlio wa hezi 40 kwa programu yoyote ya simu inayotoa milio, kwa sauti ya wastani, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Mlio ukikua sana ulipobonyeza, ulikuwa unavuja. Ukibaki karibu vile vile, uko salama. Kisha pandisha mlio polepole kutoka hezi 2,000 hadi 10,000 na sikiliza mahali unaporuka ghafla. Fanya hivyo kwa takia la kwanza na la pili, na uandike. Andika, kwa sababu kubadili matakia huchukua dakika mbili tatu, na kumbukumbu ya sikio haikai muda huo. Ukimaliza kulivalisha la pili umekwisha kulisahau la kwanza. Jambo lililo kali zaidi ni kiwango cha sauti. Takia lililoziba vizuri hufanya kila kitu kisikike kwa nguvu zaidi, na kati ya viwili vinavyofanana binadamu huchagua chenye nguvu akidhani ndicho bora. Rekebisha kwanza kitufe cha sauti, ndipo utoe hukumu. Wapo watafiti, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, waliochunguza katika miaka ya 2010 ni mwelekeo gani wa sauti ambao wasikilizaji wengi huupendelea, na walipima kwa sikio bandia hedifoni ikiwa imevaa matakia yake. Vipimo vyote unavyoviona vikichorwa ni vya hedifoni na takia lile, likiwa katika hali ile. Badili takia, mchoro si wako tena.

Ikwalaiza, programu ya kuinua na kushusha sehemu za sauti, haitoshi? Kwa kuinua au kushusha besi inatosha, na mimi huitumia. Lakini upenyo unaobadilika kila ukigeuza kichwa hauwezi kuuziba kwa programu, na kilele chembamba cha hezi 7,000 kwenye kichwa changu huenda kiko hezi 7,600 kwenye chako, kwa kuwa masikio hayafanani.

Fundi wa Langoni alinitengenezea matakia mengine akiwa na yale mapya mbele yake. Aliondoa ukuta wa ndani wa plastiki, akashona mahali pake kitambaa chepesi kinachopitisha pumzi, akatia sponji ya kijivu ya unene ule ule wa zamani, na nje akaiacha ngozi ya plastiki kama ilivyo. Mshono wa upande wa kulia ulipinda kidogo, akaufumua na kuurudia mara ya pili bila kuombwa. Nikaagiza na jozi halisi, ambayo ilichukua wiki kadhaa kufika Mokowe na kuvuka kwa boti, na nilipoipata nikaifanya kipimo changu: kila nikitilia shaka sauti ya kazi, huivalisha hiyo kwanza.

Ami alirudi siku ya Ijumaa. Safari hii nilimweleza habari ya upenyo, naye akaivua kofia mwenyewe, akaiweka juu ya goti, akanipa kichwa nimkalishie vikombe. Nilianza kaseti ile ile mahali pale pale. Alifumba macho. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kugonga paja.

"Yeo yalia ngozi," akasema. Kisha akanyamaza, akasikiliza tena, akainua kidole. "Lakini zimelegea. Lile la pili halina ukali wake. Siku ile ilinyesha, hatukupata makaa ya kuyakausha."

Nilichukua kalamu nikaandika juu ya karatasi ya kaseti, chini ya majina ya wapigaji: siku ya mvua, matari hayakuota moto.